Uzoefu wangu: fiziotherapia ya kizunguzungu iliyonirudisha kwenye mswala

Alfajiri moja niliamka kwa ajili ya sala, nikageukia upande wa kulia ili nishuke kitandani, na chumba kizima kikaanza kuzunguka. Niling'ang'ania ukingo wa kitanda mpaka hali ile ikatulia. Nadhani haikufika dakika moja, ingawa niliiona ndefu mno. Siku hiyohiyo ilinirudia nilipoinua uso kuanika nguo, ikanirudia tena nilipoinama kuchochea mkaa, na jioni niliposujudu nikaangukia ubavu juu ya mswala. Nilikuwa na miaka 58 na sikuwa nimewahi kuugua ugonjwa wa kunilaza.

Kwa miezi mitatu iliyofuata nilipimwa malaria, wingi wa damu, sukari na presha, na kila kipimo kilionesha kwamba niko salama. Katika zahanati mbili tofauti niliandikiwa vidonge vya kutuliza kizunguzungu, ambavyo vilinipa usingizi mzito mchana kutwa huku kizunguzungu chenyewe kikibaki palepale kila nilipolala chali au kugeuka. Nikawa nasali nimeketi kwenye kiti, nalala nimeegemea mito mitatu, na mtu akiniita nageuka mwili mzima kama niliyefungwa ubao shingoni. Mpwa wangu ambaye ni muuguzi ndiye aliyeniambia niende kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Nilimbishia, kwa sababu nilijua huduma hiyo kuwa ni ya waliovunjika mifupa au waliopooza.

Kliniki niliyokwenda ipo Dar es Salaam, na aliyenihudumia alikuwa kijana mwenye adabu aliyenisikiliza kwa karibu nusu saa kabla ya kunigusa. Aliniuliza kama ninaona vitu viwili viwili, kama ulimi umewahi kuwa mzito, kama mkono au mguu wa upande mmoja umewahi kulegea, na kama nimepatwa na maumivu makali ya kichwa ya ghafla, akaeleza kwamba jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo lingemfanya anipeleke hospitali mara moja badala ya kuendelea. Alinipima presha nikiwa nimelala na nikiwa nimesimama, akaikagua shingo, na ndipo akanikalisha kitandani, akakigeuza kichwa changu upande wa kulia na kunilaza chali kwa haraka huku kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo. "Mama, tazama paji langu la uso, usifumbe macho hata kama dunia inazunguka," alisema. Baada ya sekunde chache ilizunguka kweli, nikapiga kelele, naye akanishika kwa uthabiti akiyatazama macho yangu jinsi yanavyochezacheza. Kipimo hicho huitwa Dix-Hallpike, na kilianza kuelezwa mwaka 1952. Hakihitaji mashine yoyote, na ndiyo maana bado inaniuma kwamba kwa miezi mitatu hakuna aliyenifanyia.

Maelezo aliyonipa niliyaelewa mara moja. Ndani kabisa ya sikio kuna vifuko vyenye chembe ndogo sana za chokaa zinazousaidia mwili kujua wapi ni juu na wapi ni chini, na karibu navyo kuna mifereji mitatu iliyopinda, yenye majimaji, inayohisi mzunguko wa kichwa. Chembe zikibanduka na kuingia katika mmojawapo wa mifereji hiyo, kila kichwa kinapobadili mkao huporomoka na kuyasukuma majimaji, na ubongo hupokea taarifa kwamba mwili unazunguka ilhali umetulia. Kidonge hakiwezi kuzitoa humo. Kinachozitoa ni kukigeuza kichwa kwa mpangilio, hatua kwa hatua, ili zianguke zenyewe na kurudi mahali pake, na mbinu aliyoitumia ina jina la daktari wa Marekani, John Epley, aliyeichapisha mwaka 1992. Nilikaa kama dakika moja katika kila mkao: kwanza kichwa kikiwa kulia, kisha kikiwa kushoto, kisha nikiwa nimelala ubavu wa kushoto huku uso ukielekea sakafuni, na mwisho akaniinua taratibu. Tulirudia mara mbili. Usiku ule niligeuka kitandani kwa hofu nyingi, na chumba hakikusogea.

Laiti huduma ingeishia hapo, ningeisifu kwa mistari michache tu. Kilichonifanya niandike kwa urefu huu ni kwamba alikataa kuniruhusu niache. Aliniambia nisimame miguu ikiwa pamoja, nifumbe macho, nami nikayumba hadi akanidaka. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimekikaza kichwa kisitikisike, hivyo mwili ulikuwa umezoea kutegemea macho peke yake. Ndiyo sababu umeme ulipokatika usiku nilipapasa ukuta kama kipofu hata nikiwa ndani ya nyumba niliyoishi miaka 20. Kwa wiki sita nilifanya mazoezi ambayo mtu akiyatazama atayaona mepesi mno. Nilibandika herufi moja ukutani, nikaikazia macho huku nikitikisa kichwa kulia na kushoto bila kuiacha herufi ififie, dakika moja kwa wakati, mara tatu kwa siku. Nilisimama juu ya kipande cha sponji ya godoro karibu na kona ya ukuta, kwanza macho yakiwa wazi na baadaye nimeyafumba, na nilitembea kwenye korido kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Wiki ya kwanza mazoezi yalinitia kichefuchefu, lakini alikuwa amenionya mapema kwamba usumbufu kidogo unaotulia baada ya muda mfupi ndio unaoufundisha ubongo upya. Bila onyo hilo ningeacha siku ya tatu.

Yapo yasiyonipendeza. Nililipa shilingi 50,000 siku ya kwanza na 30,000 kwa kila ziara nyingine tano, zote taslimu, kwa kuwa bima yangu haikukubali huduma hiyo. Wakati wa kuweka miadi hakuna aliyenishauri niende na mtu wa kunisindikiza, nikarudi Temeke peke yangu kwa bajaji nikiwa nimelegea na tumbo limechafuka. Anayekwenda mara ya kwanza asiende peke yake na asile chakula kizito kabla. Karatasi ya mazoezi ya nyumbani nilipewa kwa Kiingereza, na mpwa wangu akalazimika kuniandikia upya kwa Kiswahili, wakati wengi niliowakuta kwenye benchi la kusubiri walikuwa watu wa umri wangu au zaidi ambao wangeihitaji kwa lugha yao.

Zoezi la mwisho alilonipa sikuwa nimeliomba. Aliniuliza ni jambo gani nililopoteza ambalo ninalitaka zaidi, nikamwambia ni kusujudu, na kwa ziara mbili nzima tukafanya hilo tu: kushuka taratibu kwa magoti, kuweka paji la uso kwanza juu ya stuli, kisha juu ya mto, kisha chini, na kuinuka bila kushika kitu. Wiki ya sita nilikirudisha kiti mezani.

Miezi minane baadaye kizunguzungu kilirudi, kama alivyonitahadharisha kwamba huweza kurudi. Safari hii sikupima malaria wala sikununua vidonge. Nilipiga simu kliniki asubuhi hiyohiyo, nikafanyiwa kipimo, nikageuzwa kichwa mara mbili, na Magharibi ikanikuta nyumbani nikisali mswalani.