Banda umiza la Kirumba lenye dokumentari za anga (kiingilio jero)

Mi banda umiza najua ni mpira na muvi za kivita basi, sa Jumapili natoka mwaloni na dagaa zangu nkakuta banda moja hapa Kirumba wameandika kwa chaki MAREKANI ANGANI TOKA MWANZO, jero, nkasema ngoja nipumzishe miguu.

Aisee mtafsiri wao ni hatari. Haropoki kama wale wengine, anasimamisha picha anaeleza. Alipofika kwa John Glenn, yule mwanaanga wa Marekani, Februari 1962, anazunguka dunia mara 3, akastopisha akasema jamaa akipita juu yetu huku alikua anaongea na kituo cha Wamarekani kilichokua Zanzibar, kule Tunguu, kikaja kuondolewa 1964 baada ya Mapinduzi. Mzee mmoja benchi la mbele akauliza, "Tunguu hii hii?" Hii hii mzee wangu.

Mambo ya mwezini 1969 walipitisha fasta, poa tu, hayo kila mtu anayajua.

Ila Challenger, chombo chao cha anga, ndo imeniua. Mi ni fundi injini za mitumbwi, kumbe ile kitu iliyolipuka 28 Januari 1986 sekunde 73 baada ya kuruka, watu 7 wote wakafa, kisa ni oringi, ile pete ya mpira ya kuziba maungio!! Usiku ule Florida kulikua na baridi la barafu, mpira ukakakamaa, kwenye maungio ya roketi ya pembeni moto ukapenya, na mainjinia usiku wa kuamkia siku hiyo walishasema msirushe, mabosi wakapitisha. Mi kila siku nawaambia wateja oringi imekauka tubadili wananiona natafuta hela.

Sa ubaya wao. Spika inakoroma, bati linachoma, afu tumefika Columbia ya 2003, chombo kingine kama Challenger, povu limebanduka kwenye tanki limegonga bawa la kushoto, tumekodoa macho, picha ikakatwa PAAP, mechi imeanza, anayebaki aongeze jero nyingine. Yaani mwisho wake nimekuja kuusoma kwenye simu usiku, kwamba bawa lilitoboka na wakati wa kurudi chombo kikameguka juu ya Texas na watu 7 ndani.

Nawapa 4 kati ya 5, hiyo moja warudishe jero yangu. Mkienda wahini saa saba, kaeni karibu na mlango, na muulizeni kwanza mechi ni saa ngapi.