Kibali cha kujenga ndani ya Hifadhi ya Pwani ya Pembrokeshire: uzoefu wangu

Tumepata kibali cha kuongeza jiko na chumba kwenye nyumba yetu ya mawe karibu na Solva, magharibi mwa Wales. Naandika kwa ajili ya wenzetu wanaofikiria kununua nyumba huku.

Ukisikia hifadhi ya taifa usiwazie Serengeti. Hii ya Pembrokeshire, iliyotangazwa mwaka 1952, ina vijiji na mashamba ya watu ndani yake. Unaishi humo kama kawaida, ila kibali cha kujenga kinatoka Mamlaka ya Hifadhi, si halmashauri ya kaunti. Jirani aliye nje ya mpaka anakwenda halmashauri. Kwa hiyo anza na ramani ya mpaka.

Huduma ninayoisifu kwa moyo wote ni ushauri wa kabla ya maombi, yaani afisa wa Mamlaka anautazama mpango wako na kukupa maoni kabla hujaomba kibali. Sheria ya Wales inazibana mamlaka ziutoe. Sisi tulilipa pauni 25 tu, na jibu la maandishi hutakiwa kutoka ndani ya siku 21. Afisa aliuliza jambo ambalo mchoraji wetu wa ramani za nyumba hakuligusa kabisa: mtu anayepita kwenye njia ya miguu ya pwani ataona nini? Njia hiyo ina urefu wa kilomita 300 hivi, na mandhari yake ndiyo inayolindwa. Akatushauri tupunguze vioo upande wa bahari, tuezeke kwa mawe bapa kama paa la zamani, na taa za nje ziangalie chini. Tukarekebisha michoro, na maombi yakapita bila mvutano.

Halafu kuna popo. Wanalindwa kisheria, na ukitaka kugusa paa kuukuu jiandae kumlipa mtaalamu awachunguze. Uchunguzi wa jioni, wanapotoka kuruka, hufanyika miezi ya joto tu kuanzia Mei. Mtafute mtaalamu wakati wa baridi, maana msimu ukikupita unasubiri mwaka mwingine.

Lililoniudhi ni mchoraji. Alituambia kibali kikitoka tuite mafundi. Si kweli! Tangu Januari 2019, ujenzi wowote Wales unaochukua meta za mraba 100 au zaidi, pamoja na sehemu ya kuegesha gari, unahitaji idhini ya namna maji ya mvua yatakavyoondolewa. Idhini hiyo inatoka halmashauri ya kaunti hata ukiwa ndani ya Hifadhi, na huruhusiwi kuanza kuchimba bila hiyo. Ni afisa wa Hifadhi aliyetuzindua. Mtu anayekula kwa kazi hii alipaswa kutuambia siku ya kwanza.

Kwa kawaida kibali cha Wales kinakupa miaka 5 ya kuanza kazi (England ni 3), nasi tunaihitaji kukusanya fedha. Mwenye nyumba akikataliwa ana wiki 12 za kukata rufaa.

Ushauri wa kabla ya maombi: nyota tano. Mchoraji: mbili, kwa sababu michoro yenyewe ilikuwa safi.