Tathmini: tiba ya mazungumzo ya NHS kwa mzee asiyejua Kiingereza

Nimeitumia huduma hii mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2021, nikiwa mgonjwa mwenyewe, na mara ya pili ni mwaka jana, nilipomsindikiza shangazi yangu, mjane wa miaka 66, mzaliwa wa Wete, Pemba, ambaye Kiingereza chake hakivuki salamu na bei ya samaki. Huduma ni moja, mji ni mmoja, hata kliniki ni ileile, lakini tulichokipata mimi na yeye hakikufanana hata kidogo, na kwa sababu Waswahili wengi walioko Uingereza wana wazazi au wakwe wa hali kama yake, nimeona niandike kwa kirefu.

Kwa asiyeifahamu, NHS Talking Therapies ni sehemu ya Huduma ya Taifa ya Afya kwa upande wa England pekee, na inawashughulikia watu wazima wenye sonona au wasiwasi uliopita kiasi. Ilianza mwaka 2008 kwa jina jingine, ikapewa jina la sasa mwaka 2023. Hailipiwi, na ukishasajiliwa kwa GP, yaani daktari wa mtaa, huhitaji barua yake: unajiandikisha mwenyewe kwa simu au intaneti. Lengo lililowekwa ni kwamba asilimia 75 ya wanaopokewa waanze tiba ndani ya wiki 6, na asilimia 95 ndani ya wiki 18.

Safari yangu mimi haina mengi ya kusimulia. Nilikuwa nikifanya kazi za usiku katika nyumba ya wazee, usingizi ukanikimbia, nikawa nalia ndani ya basi bila sababu. Nilijiandikisha, nikasubiri wiki 4, nikapangiwa vipindi 6 vya nusu saa kwa simu na mtaalamu kijana aliyenifundisha kuyatazama mawazo yangu kabla ya kuyaamini. Ilinisaidia, na kwa hapo sina lawama.

Kiini cha huduma hii, na ndicho ninachotaka kukikagua hapa, ni maswali. Kila kabla ya kipindi mgonjwa hujibu maswali 9 kuhusu sonona na 7 kuhusu wasiwasi, yote yakiulizia wiki 2 zilizopita, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Anayefikisha 10 kwa yale 9, au 8 kwa yale 7, huhesabiwa kuwa amefikia kiwango cha ugonjwa, na mabadiliko ya alama hizo kutoka kipindi hadi kipindi ndiyo yanayoonyesha kama tiba inafanya kazi. Ni huduma chache za umma duniani zinazoweka kumbukumbu za namna hiyo kwa karibu kila mgonjwa, na watafiti huzitumia sana. Kwa hiyo kosa linalofanyika katika kuuliza halibaki katika faili la mtu mmoja. Linaingia katika elimu ambayo kesho itaamua nani atibiwe na kwa njia gani.

Shangazi alipigiwa simu ya tathmini siku ya Jumanne asubuhi, nami nilikaa naye sebuleni simu ikiwa imewekwa sauti ya nje. Mkalimani aliunganishwa kutoka kampuni ya nje. Alikuwa kijana mwenye heshima, na ingawa lafudhi yake ilikuwa ya Kongo ya mashariki, wakaelewana vizuri. Tatizo halikuwa lahaja. Mtaalamu alieleza kwa upole kwamba angependa kuzungumza kuhusu afya yake ya akili. Mkalimani akatafsiri: “Mama, wanauliza kama una ugonjwa wa akili.” Shangazi alijiweka sawa kitini kama aliyeitwa mahakamani, akasema: “Mimi sina wazimu, mwanangu. Akili zangu timamu.” Kuanzia hapo kila swali lilijibiwa “hapana” au “kidogo tu”, ingawa mwezi mzima uliopita alikuwa akiniambia kwamba moyo wake umekuwa mzito kama uliofungiwa jiwe, kwamba hali chakula mpaka alazimishwe, na kwamba mawazo yanamkesha.

Swali la 9 huuliza kama mtu amewahi kuona afadhali afe au ajidhuru. Mkalimani alisita, kisha akasema: “Hili swali si zuri, mama, Mungu atuepushe. Niwaambie hapana, siyo?” Shangazi akanyamaza, naye akalichukua lile kimya kuwa ndiyo. Sidhani kijana yule alikuwa na nia mbaya. Alimstahi mzee, kama alivyolelewa. Lakini mtaalamu upande wa pili alisikia neno moja tu la Kiingereza, akaandika 0.

Jumla ya alama za sonona ikawa 6. Kwa alama hizo shangazi alionekana kuwa hajafikia kiwango, akatumiwa kiungo cha kitabu cha kujisomea nyumbani. Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza.

Niliandika malalamiko siku ileile, na hapa lazima niwape haki yao: mtaalamu yule alinipigia mwenyewe baada ya siku 2, akasikiliza bila kujitetea, akaomba radhi. Nilimweleza jambo ambalo hakuwa analijua, kwamba maswali hayo tayari yapo kwa Kiswahili, na kwamba tafsiri zake zimetumika na kupimwa katika utafiti uliofanyika Kilifi, pwani ya Kenya. Hakuna sababu ya mkalimani kuyatunga upya papo kwa papo kila asubuhi, kila mmoja kwa aibu zake. Tathmini ilirudiwa siku 9 baada ya ile ya kwanza, safari hii kliniki, pamoja na mkalimani mwanamke aliyeyasoma maswali neno kwa neno kutoka kwenye karatasi. Kabla ya hapo mtaalamu alimwuliza shangazi usingizi wake ukoje tangu afiwe na mumewe. Wazimu haukutajwa. Alama za sonona zikawa 15, na za wasiwasi 12. Kwa lile swali la 9 alijibu taratibu, akimtazama mkalimani na si mtaalamu, kwamba kujidhuru hawezi, ni dhambi, lakini usiku humwomba Mungu amchukue. Mtaalamu alikaa kwenye jibu hilo karibu robo saa, akauliza yanayotakiwa kuulizwa, na tiba ikapangwa: vipindi 10 vya saa nzima, kwa mkalimani yuleyule. Hivi sasa shangazi anapika tena, na anagombana na majirani kuhusu mapipa ya taka, jambo ambalo sisi nyumbani tumelipokea kwa furaha.

Kuna kasoro nyingine ndogo kwa sura lakini kubwa kwa hesabu. Karani alipomwuliza kabila, maana NHS hujaza taarifa hiyo kwa kila mgonjwa, shangazi alijibu, “Mpemba.” Baba yake ni wa Wete, mama yake ni wa ukoo uliotoka Oman. Orodha inayotumika inafuata makundi ya sensa ya mwaka 2001, ambamo hata neno Mwarabu halimo, basi karani akamtia katika kundi la “wengineo”. Mwaka 2023 ilitolewa ripoti iliyopitia takwimu za huduma hii za miaka 10, ikaonyesha kwamba watu wa jamii za wachache kwa jumla hupata tiba kwa shida zaidi na husubiri muda mrefu zaidi kuliko Wazungu wa Uingereza. Naiheshimu ripoti hiyo, lakini nikitazama namna shangazi alivyoingizwa, najiuliza watafiti wanaweza kumwona vipi mtu aliyezama ndani ya “wengineo” akiwa na alama 6 ambazo si zake.

Nikija kwenye utafiti wenyewe, tofauti inakuwa kubwa zaidi. Mwaka 2021 niliulizwa kama niko tayari kutafutwa na watafiti, nikakubali, nikashiriki katika utafiti mmoja wa kujaza maswali kwenye intaneti. Nilielezwa wazi kwamba naweza kujitoa wakati wowote bila tiba yangu kuathirika, na mwisho nilitumiwa muhtasari wa matokeo. Shangazi naye aliulizwa, na kwa mshangao wangu alikubali upesi kuliko mimi: “Kama itamfaa mwingine aliyefiwa, nitasema.” Utafiti uliokuwapo ulikuwa unahusu wazee waliofiwa, ungedhani umeandikwa kwa ajili yake. Sharti la tatu katika karatasi lilimtaka mshiriki awe anaweza kusoma na kuandika Kiingereza. Nilijibiwa kwamba kutafsiri kuna gharama na kwamba vipimo vyao vimehakikiwa kwa Kiingereza. Sababu hiyo naikubali nusu. NIHR, taasisi ya taifa inayofadhili utafiti wa afya, ilitoa mwongozo mwaka 2020 ukiwataka watafiti wapange tangu mwanzo jinsi ya kuwafikia watu wanaosahaulika, wasiojua Kiingereza wakiwamo, na gharama hizo zinaweza kuombwa ndani ya bajeti ya utafiti kabla haujaanza.

Uzito wa jambo hili unaonekana ukitazama upande wa pili wa huduma za akili nchini humu. Takwimu za serikali zimekuwa zikionyesha mwaka hadi mwaka kwamba watu Weusi hulazwa kwa nguvu, chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983, kwa kiwango kinachozidi mara 3 kile cha Wazungu. Yaani mfumo unatuhesabu vizuri tunapofungiwa wodini, na unatupoteza tunapokuja wenyewe kuomba kuzungumza.

Natoa nyota 3 kati ya 5: ningetoa 4 kwa tiba yenyewe, na 2 kwa namna mzee asiyejua Kiingereza anavyopokewa na kuhesabiwa. Atakayempeleka mzazi wake aseme tangu siku ya kujiandikisha kwamba anataka maswali yaliyoandikwa kwa Kiswahili, mkalimani mmoja kwa vipindi vyote, na achague kama awe mwanamke au mwanamume. Mkalimani halipiwi na mgonjwa. Asimtumie mtoto wala mpwa kutafsiri, hata kama mpwa ni mimi, kwa kuwa shangazi amekiri kwamba lile la usiku asingelisema kama ningekuwa mimi niliyeuliza.

Mwezi uliopita kliniki ilimwalika shangazi ajiunge na kikundi cha wagonjwa wanaowashauri watafiti kuhusu karatasi zao. Kazi hiyo hulipwa. Kiwango kinachopendekezwa na NIHR ni pauni 25 kwa saa, na shangazi aliniuliza mara mbili kama nina hakika kwamba analipwa kwa kusema tu. Amekubali. Barua ya kuthibitisha nafasi yake imefika wiki iliyopita, kurasa 2 za Kiingereza, nikamsomea kwa simu.