Mnara wa taa wa Chumbe: tazama maji kwanza, siku baadaye

Wengi huenda Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Unguja, kwa ajili ya matumbawe, mnara wakaupanda kwa vile umo kwenye ratiba. Kwangu mnara ndio safari yenyewe. Waingereza waliujenga mwaka 1904, mwaka 1926 taa ikaanza kutumia gesi, na hadi leo unawaka kuelekeza vyombo vinavyoingia Unguja kutoka kusini.

Kinachoharibu safari ni kuchagua siku bila kuangalia mwezi. Boti huondoka Mbweni ya Unguja mnamo saa nne asubuhi. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, bahari iko kwenye bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na saa hizo hizo ndipo maji yanapokupwa kabisa. Tofauti ya kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Boti haigusi ufuko, unashuka majini na kutembea juu ya mawe, kwa hiyo vaa viatu vya mpira vinavyofunga kisigino. Ndala zitabaki kwenye tope. Siku hiyo omba mnara uwe wa kwanza: kutoka juu, upande wa magharibi, mwamba unaonekana wote, kahawia na kijani, kisha unakatika ghafla kwenye buluu ya kina. Hapo huhitaji kuelezwa kwa nini nahodha wa usiku alihitaji taa. Kuogelea kusubiri maji yapande.

Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ni kinyume: asubuhi maji yamejaa, ogelea kwanza, mnara uuache alasiri. Kumbuka tu kwamba maji huchelewa kama dakika 50 kila siku.

Vidato vinakaribia 130, na ndani ni kwembamba na joto. Mikono iwe mitupu, simu mfukoni, na usipande na viatu vilivyolowa. Kuteleza hutokea wakati wa kushuka. Miwani ya jua isiyopitisha mng'ao inasaidia kuliko kamera nzuri.

Chini, nyumba ya mlinzi wa taa sasa inapokea wageni, na msikiti wake mdogo bado upo. Kisiwa hakina maji yasiyo na chumvi ila ya mvua yanayokingwa mapaani, basi ukijisuuza chumvi, jisuuze kwa kiasi.

Asiye na nafasi ya kwenda, akitoka Dar kwa boti ya mchana akae upande wa kulia. Mnara utamtangulia kuonekana kabla ya Mji Mkongwe.