Unga wa kimea cha ulezi, kilo moja: mzuri ila pakiti ya pili imenikera

Nimenunua hiki kimea (ulezi ulioloweshwa ukaota, ukakaushwa na kusagwa) sokoni Songea kwa yule mama wa togwa, na aisee cha kwanza kilikuwa moto! Uji wa mwanangu ulikuwa mzito unasimama na kijiko, nikaepua, nikaacha upoe kidogo, nikatia kijiko kimoja cha kimea nikakoroga, dakika chache tu ukawa laini unamiminika na utamu umekuja wenyewe bila sukari.

Sio uchawi jamani. Punje ikilowa maji kiini kinatoa homoni inaitwa jiberelini, inaamsha ile tabaka nyembamba chini ya ganda, nayo inatengeneza kimeng'enya cha amilesi kinachokata wanga kuwa sukari. Mche unajipikia chakula, sie tunauwahi kabla haujala 😂 Ila ukitia kimea uji ukiwa unatokota unakiua kimeng'enya, watu wengi wanakosea hapo halafu wanamlaumu muuzaji.

Sasa pakiti ya pili, sijui walikausha juani au motoni kabisa, maana imenukia kama karanga za kukaanga na uji ukabaki jiwe vilevile. Kimea kikiungua hakuna kitu hapo.

Na ukiuziwa cha mtama uliza kwanza kama wametoa mizizi na vichipukizi, vile vina sumu ya sayanaidi, usimpe mtoto kienyeji tu.

Nyota tatu na nusu. Nitarudi, ila nitanusa kwanza.