The Informer: Msiri Asiye na Karatasi Mkononi

Filamu ya The Informer ilitoka mwaka 2019, lakini mimi niliitazama kwa mara ya kwanza mwaka huu, katika kibanda umiza kimoja cha Majengo hapa Dodoma, ikiwa imetiwa tafsiri ya Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Juma lililofuata niliirudia nyumbani usiku, bila mtafsiri, na ndipo nilipotambua kwamba pale kibandani nilikuwa nimeona nusu yake tu.

Pete Koslow, anayeigizwa na Joel Kinnaman, ni askari wa zamani wa jeshi la Marekani ambaye amewahi kufungwa, na sasa anafanya kazi kwa siri kwa niaba ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ndani ya genge la Wapolandi wanaouza dawa za kulevya jijini New York. Ameahidiwa kwamba akisaidia kumnasa mkuu wa genge hilo, aitwaye Jenerali, atakuwa huru kuishi na mkewe Sofia na binti yao. Siku ya mtego mambo yanaharibika: mnunuzi wa mzigo anageuka kuwa polisi aliyejificha, naye anauawa mbele ya Pete. Jenerali anamtaka Pete arudi gerezani akaendeshe biashara ya unga huko ndani, na FBI, badala ya kumwondoa katika hatari, wanaona hiyo ni nafasi nyingine ya kukusanya ushahidi.

Nguvu ya filamu hii, kwa maoni yangu, haipo katika risasi wala visu, bali katika maofisi. Wilcox, ofisa anayemsimamia Pete, anaigizwa na Rosamund Pike kwa utulivu unaotisha. Mkubwa wake, Montgomery, anaigizwa na Clive Owen kama mtu anayepanga hesabu ya hasara kabla jua halijachwa. Polisi aliyeuawa anapoanza kutafutiwa muuaji na mpelelezi Grens, ambaye hajui lolote kuhusu mpango wa FBI, Montgomery anaamua kwamba njia rahisi ni kumkana Pete. Hakuna anayepiga kelele. Mtu anafutwa kwa sentensi mbili tatu, kwa sababu makubaliano yote yalikuwa ya mdomo. Pale kibandani, mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu aliuliza kwa uchungu wa kweli, "Hata barua hana?" Swali hilo lina uzito katika mji huu, kwa kuwa ni hapa hapa Bunge letu lilipopitisha mwaka 2015 sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, na mtu anayeielewa sababu ya sheria ya namna hiyo ataitazama The Informer kwa jicho tofauti kabisa na yule anayefuata mapigano peke yake.

Hadithi yenyewe imetokana na riwaya ya Kiswidi iliyochapishwa mwaka 2009 na Anders Roslund pamoja na Börge Hellström, ambayo matukio yake yako Stockholm. Roslund alikuwa mwandishi wa habari, na Hellström alikuwa ameyaishi maisha ya uhalifu kabla ya kuyaacha, jambo ambalo nadhani ndilo linalozipa sehemu za gerezani ukweli wake: namna wafungwa wanavyomsoma mgeni kwa macho, namna askari magereza anavyoweza kuuza uhai wa mtu kwa kufungua au kutofungua mlango mmoja. Mwongozaji, Andrea Di Stefano, anaziacha sehemu hizo zikiwa na ukimya mrefu. Huo ndio ukimya ambao mtafsiri aliujaza kwa maelezo na vichekesho. Nawaheshimu watafsiri wetu, kwani wamewafungulia wengi mlango wa sinema, lakini mtu anayejificha huishi kwa kunyamaza, na ukimfunika kwa maneno umemwondolea hofu yake yote.

Kasoro zipo. Ana de Armas, anayeigiza kama Sofia, amepewa muda mwingi wa kulia na kusubiri, ilhali kila anapopewa la kutenda anaibeba filamu. Robo ya mwisho inaacha ule uchunguzi wa polepole na kukimbilia heka heka za kawaida, kana kwamba mtayarishaji aliogopa watazamaji wangesinzia. Sisemi inavyoisha.

Hata hivyo naipendekeza bila kusita kwa watu wazima, na itazamwe kwa sauti yake ya asili, maandishi ya tafsiri yakipita chini. Nasisitiza watu wazima, kwa sababu damu inayomwagika gerezani si ya kuigizwa kijuujuu, na siku ile pale kibandani benchi la mbele lilikuwa limejaa watoto wenye sare za shule ya msingi, saa kumi na moja jioni, na hakuna aliyewaambia watoke.