Chakula cha mbwa cha kupima, Dodoma: mbwa mzee wa kuokotwa anakiweza?

Kile chakula kinachopimwa kwa kilo kwenye maduka ya mifugo mjini Dodoma, yaani pumba za mahindi, dagaa, mashudu ya alizeti na mifupa ya kusaga, kinamtosha mbwa wa ulinzi wa miaka mitatu. Mbwa mzee wa kuokotwa, meno yameoza na hajulikani alikuwa akila nini, apewe kwa masharti.

Kabla ya kulipa, omba kiganja kimoja, kitie kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika mbili. Pumba na maganda meusi ya alizeti yataelea. Tazama kilichozama: chembe za mifupa si neno, ila ukikuta tabaka la mchanga, ujue dagaa walianikwa chini na hawakuoshwa. Maganda yakijaa nusu glasi, unauziwa mashudu kwa bei ya dagaa. Mbwa atashiba, atakunya sana, na mbavu zitabaki zilezile.

Halafu nusa, ingawa dagaa hufunika harufu ya ukungu, kwa hiyo pua peke yake haitoshi. Dai kiroba kilichokuwa juu ya chaga, si kile kilichoegemea ukuta sakafuni. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 ilitokana na mahindi, na pumba ni mahindi hayohayo, kuchemsha hakuiondoi. Mbwa akisusa, akatapika, ufizi ukawa wa njano, chakula hicho kikome siku hiyohiyo na daktari wa mifugo aitwe.

Kasoro kubwa ni mifupa ya kusaga. Ina fosforasi nyingi, nayo huzilemea figo zilizochoka. Mpimie maji kwa chupa: mbwa wa kilo 15 akinywa zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, hata kwa jua la Dodoma, damu ipimwe kwanza.

Akiwa mzima, pika mchanganyiko huo dakika 20 uwe uji mzito, maana pumba kavu na vichwa vya dagaa huchoma ufizi wenye vidonda. Mwingize kwa siku 7 hadi 10, ukianza na robo ya mlo. Aliyezoea jalala akibadilishiwa ghafla huharisha.

Kwa maoni yetu, kuchanganya mwenyewe ni bora. Mbwa wa kilo 15 asiye na shida ya figo anatoshwa kwa siku na gramu 100 za unga wa dona, gramu 60 za dagaa wakavu waliotolewa vichwa na kuoshwa mara tatu, na kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti, milo miwili. Mabaki ya matunda yasitiwe sufuriani bila kuchambuliwa, hasa msimu wa zabibu: mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa.